Kidimbwi Kilichonyamaza

Asubuhi hiyo kidimbwi kilikuwa kimya, na Fundi alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mambo hayo mawili hakuyaunganisha. Nani angeyaunganisha? Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu jana yake, na tundu la sindano alikuwa analiona kama liko ndani ya moshi. Akalaumu uzi. Aliulamba, akausokota, akaukata kwa meno, akajaribu tena. Uzi ukapita pembeni.

"Mama, hebu nitungie huu uzi," alimwambia mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. "Siku hizi wanatuuzia manyoya."

Bibi alikuwa na jicho moja la kuonea na jingine, kama alivyopenda kusema mwenyewe, la kukonyezea tu. Akaushika uzi, akaupitisha mara moja.

"Aka! Mimi wa jicho moja nimetunga bila hata kukunja uso. Wewe macho yako umeyaazima kwa nani?"

"Nimelala vibaya, mama."

"Utalalaje vizuri na hujabembelezwa? Waimbaji wako jana hawakuimba. Mimi nimekaa nikawasubiri mpaka nikaona aibu, kama mtu aliyealikwa akakuta mlango umefungwa."

Hapo Fundi akaacha sindano. Kweli. Jioni yake hakusikia chura hata mmoja. Aliisukuma cherehani, akatoka nyuma bila viatu.

Walikuwa wanakaa nyumba ya uani, vyumba viwili na kibaraza cha kushonea. Nyumba ya mbele ilikuwa ya mwenye nyumba, mama mmoja mkunga mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Matroni. Upande wa Matroni ulikuwa umefagiwa mpaka ardhi inang'aa kama sinia, hakuna jani wala kivuli. Ukivuka tu kamba ya kuanikia nguo, ulikuwa umeingia nchi nyingine. Huko Fundi alikuwa ameacha majani makavu yalale yalipoanguka. Alikuwa amerundika magogo yaliyooza ili mijusi na jongoo wapate pa kujificha, akafunga vicha vya matete matupu chini ya paa ili nyuki wadogo wasiouma wapate vyumba. Maua ya dukani hakuyataka. Alipanda mimea ya kwao pale pale, ile ambayo watu huing'oa na kuiita magugu, na mbegu zake alizikusanya pembeni mwa barabara akirudi sokoni. Ndege aina ya chozi walikuja kwanza, wakafuata vipepeo, wakaja kereng'ende, na vunjajungu mmoja aliyekaa juu ya cherehani siku nzima kama mkaguzi wa serikali. Katikati ya hayo yote alizika beseni la kuogea lililopasuka, akaliziba, akalijaza maji na mawe. Vyura walikuja wenyewe. Hakuna aliyewaita.

Mtaani watu walikuwa na utani wao, kwa sababu mume wa Fundi kazi yake ilikuwa kupuliza dawa ya wadudu kwenye maghala na mahoteli. Bwana Dawa, ndivyo walivyomwita. "Nyumba ile," walisema, "mke anafuga, mume anaua. Mtoto wao lazima awe hakimu."

Mtoto huyo alikuwa kidimbwini tayari. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Alikuwa amechuchumaa, gauni limelowa mpaka kifuani, anachota vyura kwa mikono na kuwapanga juu ya majani mapana.

"Mama, wamelala chali. Huyu nimempulizia mdomoni, hataki. Huyu mguu wake unatingishika, au ni mimi ninamtingisha? Na viluwiluwi wote wako chini, hawachezi. Mama, kwa nini wamelala chali? Bibi alisema chura hulala chali akishiba. Wamekula nini?"

 Fundi alisimama akiangalia matumbo yale meupe. Jasho lilimtoka, jingi kuliko jua la saa ile. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba unaong'aa kama mafuta.

Akageuza shingo taratibu kuelekea nyumba ya mbele.

*

Bustani ile ilikuwa imekubaliwa kwa sharti. Matroni aliogopa kila kitu kinachotambaa. Mwanamke aliyepokea mapacha gizani bila taa ndiye huyo huyo aliyepanda kiti kila alipoona mjusi. "Sawa, lioteshe hilo pori lako," alikuwa amesema. "Lakini siku nikiona nyoka, nafyeka mwenyewe, na nyinyi mtafute pa kwenda." Nyoka hakuonekana. Ila juzi yake mjusi alimpitia Matroni juu ya kandambili, naye akapiga ukelele uliowatoa watu majumbani, akasema mbele yao wote kwamba sasa amechoka, atamwaga dawa kwa mkono wake.

Halafu kulikuwa na bomba. Bomba la ua lilikuwa moja, upande wa Matroni, na tangu ukame uanze alikuwa amelitia kufuli. Ufunguo aliuning'iniza shingoni. Alifungua asubuhi, kila nyumba ikapata ndoo zake, akafunga. Ndiyo maana Fundi hakumwaga tone. Maji ya kuoshea mboga na maji ya suuzo la mwisho la nguo, yote yalikwenda bustanini na kidimbwini. Ya sabuni peke yake ndiyo hakuyaruhusu kabisa.

Foleni ya ndoo ilikuwa imeshajipanga Fundi alipofika. Alipita pembeni yao wote, na salamu hakutoa. Watu wakatazamana. Kumfikia mtu mzima yule bila shikamoo ilikuwa kama kumfikia na panga.

"Umewapa nini?" Fundi akauliza.

"Nimempa nani nini?" Matroni alikuwa ameinama kwenye kufuli.

"Vyura wangu."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka puani. Matroni akanyooka. Alikuwa mrefu, na gauni lake alilipiga pasi hata la kufagilia.

"Tangu lini chura akawa na mwenyewe?"

"Wamekufa wote. Juzi ulisema hapa hapa, utamwaga dawa kwa mkono wako. Hukusema?"

"Nilisema."

"Basi!"

"Basi nini? Mimi nikikasirika husema mengi. Nimewahi kusema nitaolewa tena." Foleni ikacheka, lakini Matroni hakucheka nao. "Fundi, kwa mikono hii nimepokea nusu ya watu wanaosimama hapa. Leo ndiyo naitwa muuaji, tena kwa ajili ya vyura?"

"Mikono iliyopokea watu inaweza kumwaga dawa vile vile."

Ah, neno hilo. Mwenyewe alilisikia likitoka, akatamani kulirudisha, likawa limeshafika.  Matroni akafungua bomba, akakinga ndoo ya Fundi ya kwanza, akaisukuma kwa mguu mpaka mbele yake.

"Chukua maji yako. Yaonje kwanza, usije ukasema nimeyatia kitu. Na Jumapili nataka nyumba yangu. Pori liwe limefyekwa na vyumba vimefagiliwa. Anayefuata!"

Fundi alirudi na ndoo nusu, maji mengine yamemwagikia miguu yake, maana mikono ilikuwa inatetemeka na hakujua kwa nini inatetemeka hivyo. Kibarazani mteja alikuwa anamsubiri, mama aliyeleta kitambaa cha sare za wanawe. Alikuwa amesikia kila kitu. Akakikunja kitambaa chake polepole, akakirudisha mfukoni.

"Nitapita siku nyingine, Fundi. Naona leo una mambo."

"Dada, mambo gani? Nipe tu nipime."

"Siku nyingine," mteja akasema, na hakuangalia nyuma.

*

"Tunakwenda wapi?" Fundi alimuuliza Bibi. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. "Mama, tunakwenda wapi sisi? Mwanao atasema nini? Vyumba viwili kwa bei hii havipo."

"Kwanza kunywa maji. Uso wako umekuwa wa majivu."

"Angenifukuza tu. Kwa nini awaue?"

"Una hakika ni yeye?"

"Nani mwingine?"

 Bibi alikuwa ameanza kutazama upande mwingine, kule pembeni ya mlango, ambako Chiriku alikuwa amekaa na kanga ya bibi yake mabegani. Kitu fulani kilikuwa hakiko sawa, na ilichukua muda Bibi kujua ni nini. Nyumba ilikuwa na nafasi. Watu walikuwa wanamaliza sentensi zao bila kukatwa.

"Mke mwenzangu," Bibi akaita, "leo umeninunia? Haya, kitendawili!"

Chiriku hakusema tega. Hajawahi mtoto yule kuacha kusema tega. Ungemwamsha usingizini angesema tega kabla ya kufumbua macho.

"Kitendawili, we! Mlinzi wangu hana rungu wala buti, mchana analala, jioni anapiga kelele ili mimi nipate usingizi. Haya. Ukishindwa nipe mji."

Mtoto alifungua mdomo. Badala ya neno yakatoka mate, mengi, membamba, yakamchuruzika kidevuni hadi kifuani. Akajaribu kuyafuta, mkono haukufika. Halafu akajikunja akatapika juu ya kanga.

Bibi alipiga yowe ambalo hakujua bado analo.

Fundi alimnyanyua mtoto. Alikuwa amelowa jasho kama aliyetoka mtoni, na misuli ya mashavu yake ilikuwa inarukaruka yenyewe chini ya ngozi. "Chiriku! Chiriku, niangalie mama!" Chiriku alimwangalia, lakini kama mtu anayetafuta kitu nyuma ya pazia.

Mlango ulisukumwa. Matroni hakubisha hodi. Alikuja mbio, kandambili moja mguuni, na alikuwa amepita katikati ya bustani, juu ya magogo na majani yote, bila kutazama anakanyaga nini.

"Mlete kwenye mwanga."

"Usimguse!" Fundi akamkumbatia mtoto. "Wewe ndiye unayejua umemwaga nini!"

"Mlete kwenye mwanga, nimesema! Utanitukana baadaye, muda upo."

Sauti ile ilikuwa imezoea kutiiwa na watu wenye uchungu. Fundi akatii. Matroni alifungua jicho la mtoto kwa kidole gumba. Mboni ilikuwa imejifinya ikawa nukta, kama imechomwa kwa ncha ya sindano. Akafungua la pili. Hivyo hivyo. Akanusa gauni lililolowa, akakunja pua. Halafu akamgeukia Fundi, akamshika kidevu kama mtoto, akamwinulia uso kwenye mwanga.

"Na wewe mboni zako hizo hapo, kama zake, nafuu kidogo tu. Kichwa kinauma?"

"Tangu jana."

"Jasho? Unaona ukungu?"

"Nimeshindwa kutunga uzi," Fundi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sasa nisikilize. Mimi sijakaribia bwawa lako. Mtoto kaingiza mikono humo leo, lakini wewe ni mgonjwa tangu jana. Jana mikono yako uliiweka wapi?"

Fundi alifikiria. Jana alishona, alipika. Jana alifua. Macho yake yakatoka nje ya mlango, yakaenda mpaka kwenye kamba. Kati ya shuka mbili nyeupe ilikuwa imening'inia ovaroli ya kijani ya mumewe, mikono imeinuliwa kwa vibanio kama mtu aliyekamatwa.

"Ilikuwa ndani ya mashuka," alisema polepole. "Sikuiona mpaka nimeshaloweka. Haijawahi kuja nyumbani ile. Nikasema labda imechafuka kwa rangi tu, si kwa dawa. Nikaifua. Na suuzo la mwisho..."

Akageukia kidimbwi. Hakuna aliyemwambia amalizie.

*

Matroni alimvua Chiriku nguo pale pale, akambeba mpaka bombani. Alilifungua mpaka mwisho. Maji yaliruka kwa nguvu ambayo ua ule haukuwa umeiona tangu ukame uanze, naye akamsugua mtoto kwa sabuni, nywele, kucha, nyuma ya masikio, akamsuuza, akamsugua tena. Akamwamuru Fundi naye anawe mikono mpaka viwiko. Kufuli lilikuwa limetupwa chini kwenye tope. Bibi alisimama na shuka kavu akimwita Mungu kwa majina yote anayoyafahamu.

Gari lililokuwa karibu lilikuwa la muuza mkate, linashusha dukani. Matroni alifungua mlango wa nyuma bila kuomba. "Zahanati. Kimbia." Ndipo Bwana Dawa akatokea kwenye kona ya mtaa. Mtu alikuwa amempigia simu kazini. Alikuwa amevaa ovaroli nyingine, ya kuazima, fupi miguuni. Alimwona mwanawe ndani ya shuka, akamwona mkewe, akaiona ile ya kijani kwenye kamba juu ya ukuta. Akaielekezea kidole.

"Nani ameifua?"

"Ingia garini," Matroni akasema.

Walikwenda wamejibana kati ya makreti ya mikate ya moto, harufu nzuri imejaa kila mahali kwa namna ya kuudhi. Fundi alimshika mtoto. Kila pumzi ya Chiriku ilikuwa inakoroma kama mtu anayenyonya kwa mrija maziwa yaliyobaki chini ya glasi, na kila ilipochelewa Fundi naye aliacha kupumua.

"Bomba la kupulizia lilinivujia mgongoni," Bwana Dawa alisema, akizungumza na mikate. "Pampu ile ni mbovu tangu zamani. Pale kazini sehemu ya kufulia wameifunga, wanasema maji ghali, kila mtu abebe yake. Nilitaka nikaifue mwenyewe mtoni Jumamosi. Nikaificha."

"Ukaificha kwenye mashuka yangu."

"Wewe ulisema dawa yangu isivuke mlango wako. Nilijua tutagombana."

Fundi alimtazama mumewe. Alikuwa na maneno mengi sana. Chiriku alikoroma, na maneno yote yakapotea.

*

Daktari alikuwa binti mdogo, ila mikono yake ilikuwa ya haraka. Alimtia mtoto mpira wa dripu, akamfyonza mate kooni, akamwekea hewa. Fundi naye alikalishwa kitandani, akalazimishwa. Halafu daktari akatoka mpaka korido, ambako watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na kadi zao, wakimtazama mwanaume mwenye ovaroli fupi.

"Wewe ndiye baba? Dawa gani?"

"Ya wadudu, daktari."

"Za wadudu ni nyingi. Naona dalili, nimeshaanza matibabu, lakini nataka jina. Zingine zinaachia mapema, zingine zinarudi na nguvu jioni. Nikikosea, nakosea kwa mwanao."

"Jina silijui." Aliinamisha kichwa. "Wanatumiminia kutoka kwenye pipa. Dumu langu halina karatasi."

Mwanaume mzima, na kazi yake ni dawa, na jina la dawa halijui. Mtu mmoja benchini alisonya. Bwana Dawa alitoa simu. Kioo chake kilikuwa kimepasuka na sauti ilitoka kwa spika peke yake, kwa hiyo korido nzima ilisikia.

"Uko wapi wewe?" Alikuwa Msimamizi. "Mteja anasubiri hapa."

"Niko zahanati, mkubwa. Mtoto wangu kapata sumu. Ile tuliyopiga ghalani juzi inaitwaje?"

"Sumu ya nini?"

"Ya kwetu. Iliyonivujia."

 Kisha sauti ikawa ya chini, ya kirafiki. "Sikiliza, ndugu yangu. Vifaa vya kazi havitoki kazini. Ulitia sahihi, wote mlitia. Sasa dawa yetu imefikaje kwa mtoto wako? Waambie ni ya mende, ya dukani. Watamtibu tu. Tusiharibiane."

Bwana Dawa alimwangalia daktari. Daktari alitazama saa ya ukutani. Matroni alikuwa amesimama karibu naye, mguu mmoja peku, gauni limelowa hadi magotini.  Nyuma ya mlango mtoto alikohoa, na mashine ikalia, ikanyamaza.

"Mkubwa, naomba jina."

"Nikikupa, utasema umelipata wapi?"

"Kwako. Na ovaroli nitasema niliibeba mimi, kwa sababu sehemu ya kufulia mmeifunga. Nitasema hivyo hapa na popote nitakapoulizwa. Sasa nipe jina."

Wote waliokuwa kwenye mabenchi waliacha kukohoa. Msimamizi alipumua kwenye simu muda mrefu. Halafu akalitaja jina, herufi kwa herufi, na daktari akaliandika kwenye kiganja cha mkono wake akiwa anaanza kukimbia.

"Na kesho," Msimamizi akasema, "usijisumbue kuja."

Bwana Dawa aliendelea kushikilia simu mbele ya uso hata baada ya kukatika. Matroni akaitoa simu mkononi mwake, akamkalisha kwenye benchi kwa kumbonyeza bega.

"Kaa. Umefanya."

*

Chiriku alirudi nyumbani siku mbili kabla ya Jumapili ile, amekonda, miguu kama vijiti. Daktari alisema atapona, ila aangaliwe. Aliangaliwa na watu watatu kwa zamu, wakimwinamia kila alipokohoa. Alikuwa anaongea, lakini maneno machache, kama mtu anayelipia kila moja, na hiyo ndiyo iliyomtisha Bibi kuliko homa.

Fundi alikwenda mlango wa mbele. Safari hii alipiga magoti kabisa kwenye ile ardhi iliyofagiwa.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Inuka, utachafua sketi."

"Nimekuja kuomba msamaha. Nilikutukana mbele ya watu, na aliyewaua vyura ni mimi. Mtoto wangu namwogesha kwa mikono hii, na kwa mikono hii hii nikamwekea sumu pale anapochezea."

Matroni alikuwa anasugua sufuria. Aliendelea kusugua. "Nimesikia," alisema. "Mtoto amekula?"

"Uji kidogo."

"Mpe tena saa kumi."

Halafu ikawa basi. Kuhusu Jumapili hakusema neno, na Fundi hakuthubutu kuuliza. Alirudi akamwambia mumewe, na wote wawili wakakosa usingizi.

Siku iliyofuata Bwana Dawa, ambaye sasa hakuwa na pa kwenda asubuhi, alivaa glavu ndefu na buti za kuazima, akafunga kitambaa puani, akalikausha beseni. Tope lote alilitia kwenye magunia ya nailoni, na ovaroli ya kijani juu yake, akayapeleka mahali ambapo bwana afya alimwelekeza. Vyura nao Bibi aliwatia gunini mmoja mmoja kwa koleo, akiwaomba radhi. Majani yaliyonyweshwa maji yale yalikuwa yameanza kukunjamana. Nyuki hawakuonekana kwenye matete. Chozi mmoja alikuja, akaning'inia hewani mbele ya ua, akaondoka.

"Afadhali tufyeke tu," Fundi alisema. "Tumwachie uwanja safi kama wa kwake. Nani atakuja tena hapa?"

 Kazi aliyoijua Bwana Dawa ilikuwa ya kuondoa vitu. Kuvirudisha hakuwahi kufundishwa.

Alasiri ya siku hiyo hiyo, Jumamosi, walianza kufunga virago. Cherehani ilikuwa imefungwa kamba, sufuria zimeingizwa moja ndani ya nyingine, na hawakuwa na jibu la wapi. Ndipo sauti ya Matroni ikasikika kutoka mbele, kali, nyembamba, ile ile ya siku ya mjusi.

"Fundi! Fundi wee! Njoo haraka!"

Fundi alikimbia, mumewe nyuma yake, Bibi na Chiriku wakijikokota. Fundi akilini mwake aliona nyoka, akaona mwisho wa kila kitu.

Matroni alikuwa amesimama juu ya kiti kando ya bomba. Tangu siku ile ya kumwogesha mtoto bomba lilikuwa halijafungwa sawasawa. Lilikuwa linadondosha, tone, tone, na chini yake, kwenye ile ardhi yake inayong'aa, kilikuwa kimejitengeneza kijidimbwi cha ukubwa wa sahani. Kufuli lilikuwa bado tope tupu. Na kando ya kufuli alikuwa amekaa chura, mmoja, mwenye madoa, koo linapanda na kushuka.

"Mtoe mgeni wako," Matroni akasema.

Fundi akachuchumaa. Alinyoosha mikono, halafu akaiangalia mikono ile, akairudisha kifuani.

"Siwezi," alisema. "Matroni, naogopa kumshika."

"Na mimi naogopa. Sasa nani atamshika?"

Hakuna aliyesogea. Tone lilidondoka, chura akapepesa macho. Bwana Dawa alipita mbele akashika koki aikaze, amalize jambo.

"Wewe!" Matroni akamkemea kutoka kwenye kiti. "Nani amekwambia ulifunge?"

"Linapoteza maji, Matroni."

"Ni maji yangu, si yako. Liache." Alishuka chini kwa mguu mmoja mmoja, akapita kwa mbali kabisa, mgongo umegusa ukuta, akakung'uta gauni lake. "Na hayo masufuria niliyoyasikia yakigongana huko nyuma ni ya nini? Mkihama, huyu ataangaliwa na nani? Mimi mjusi tu ananishinda."

Fundi alifungua mdomo. "Jumapili..."

"Jumapili ni kesho. Mtoto apewe uji saa kumi, nilishasema. Saa kumi imepita."

Akaingia ndani na kufunga mlango. Walibaki wanne, hawajui kama wacheke au walie. Kazi haikuwepo, na daktari alikuwa amewaambia wamrudishe mtoto Jumatatu. Lakini cherehani ingefunguliwa kamba.

Walikaa kibarazani jua likishuka, wakisubiri bila kuambiana wanasubiri nini. Kwenye ua hakukuwa na sauti isipokuwa ile ya tone. Bibi hakuweza kuvumilia kimya kile. Alimsogelea mjukuu wake, akamgusa kwa kiwiko.

"Mke mwenzangu. Kitendawili!"

"Shhh, bibi," Chiriku akasema, kidole mdomoni, shingo ameielekeza bombani. "Sikiliza kwanza."